Zana ya Vitufe Yarahisisha Mipangilio ya Linux

Watumiaji wa mfumo huria wa Linux mkoani Tanga wanaweza kupanga upau wa kazi, wenye saa na orodha ya programu zilizofunguliwa, bila kuhariri faili la maandishi. Mipangilio ya upau wa tint2 huhifadhiwa katika faili la tint2rc. Mstari ukikosewa, mwonekano wa upau unaweza kuvurugika.

Zana ya tint2conf husoma faili hilo, huonesha machaguo kwa vitufe, kisha huandika mabadiliko. Hata hivyo, ni vyema kuhifadhi nakala ya faili kwanza.

Vitufe visivyosomeka havimsaidii mwananchi wa Pangani au Mkinga. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukithibitisha kuwa programu huria zinaweza kutumika kwa Kiswahili.