Je, Wajua? Rweya, Nyika ya Wahaya

Je, wajua kwamba Mordor, nchi ya majivu na moshi katika hadithi za mwandishi Tolkien, maana yake ni Nchi Nyeusi katika lugha aliyoibuni mwenyewe? Kagera hatukuhitaji kubuni nchi tupu kama hiyo. Tuna rweya.

Je, wajua rweya iko wapi? Toka Bukoba kwenda Muleba, pita Kemondo na Muhutwe, utaiona: majani makavu, mawe, vichuguu, hakuna nyumba. Kisha ghafla migomba imefunga kijiji kizima. Hapo umeingia kwenye vibanja. Mhaya akisema kibanja anataja makazi, ndizi na kahawa. Akisema rweya anataja uwanda mtupu usiokaliwa na mtu.

Wajua kwamba si ukame ulioifanya hivyo? Bukoba hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hizo ndizo zinazoosha rutuba ya udongo wake wa mchanga na kuizamisha kusikofika mizizi.

Binadamu naye amechangia. Kwa vizazi vingi nyasi za rweya zilikatwa zikaezekewa misonge, zikatandikwa sakafuni, zikamwagwa migombani kama matandazo. Ng'ombe walishiba rweya mchana, wakalala nyumbani, na samadi ikabaki kibanjani. Anayeiita rweya ardhi ya bure amekwisha kula ndizi zake.

Na haikuachwa kabisa. Kina mama huilima omusiri: hufyeka nyasi, hugeuza udongo, huchoma, hupanda njugu mawe. Wakishavuna, shamba hupumzishwa miaka kadhaa. Na senene wakianguka, Novemba, wapi pengine pa kuwaokota kama si majanini?

Je, wajua pori lina mwenyewe? Katika imani za kale za Buhaya, ziwa na dhoruba ni vya Mugasha; pori ni la Irungu, na wawindaji walimtegemea yeye. Waganda, jirani zetu, jangwa huliita eddungu. Masikio yako yanasikia undugu wa Irungu na eddungu.

Je, wajua kwamba Katuruka, Maruku, watu walifua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita? Peter Schmidt na Donald Avery waliandika juu ya tanuri za Buhaya katika jarida la Science mwaka 1978. Tanuri hula makaa, na makaa ni miti. Watafiti wanaihusisha kazi hiyo na kupungua kwa misitu ya huku.

Leo miti inarudi, ila ni misonobari na mikaratusi, katika viwanja vyenye wenyewe na mipaka. Ukionyeshwa kipande cha rweya na kuambiwa hakina mtu, usilipe kwanza. Waulize kina mama wa kijiji hicho ni nani aliyelima njugu pale mara ya mwisho.