Kutoka Kissenji hadi Rubavu: Jiografia na Historia ya Mji Uliozaliwa Mpakani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu na mpaka uliokubaliwa mwaka 1910 vilivyouunda mji wa Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu, Rwanda. Hoja kuu ni kwamba mpaka huo uligawa eneo ambalo kimaumbile na kibiashara lilikuwa moja. Kwa sababu hiyo, sera zinazouona mji huu kama ncha ya nchi huacha nje nusu ya mambo yanayoamua maisha ya wakazi wake.

1. Utangulizi

Katika kumbukumbu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, Gisenyi iliandikwa Kissenji. Kilikuwa kituo kidogo cha kijeshi katika kona ya kaskazini-magharibi ya koloni, mbali na makao makuu ya Dar es Salaam. Leo mahali hapo ni mji unaopakana na Goma, ng’ambo ya mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kiasi kwamba nyumba za pande mbili zinatazamana. Ili kuelewa namna kituo hicho kilivyokuwa mji, ni lazima kuanza na ardhi yenyewe.

2. Ardhi, maji na moto

Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lina eneo la karibu kilomita za mraba 2,700, na kina chake hufikia mita 480 hivi. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoibuka zilikinga njia hiyo, maji yakapanda, na hatimaye yakapata mlango upande wa kusini kupitia Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Volkano hizohizo ziliupa ufuko udongo wenye rutuba uliovuta wakulima wengi. Aidha, katika tabaka za chini za ziwa mna takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na 300 za kaboni dayoksaidi: hazina na hatari kwa wakati mmoja.

Wenyeji waliliita eneo hili Bugoyi. Kabla ya ukoloni, ziwa lilikuwa njia ya biashara. Mitumbwi ilivusha vyakula na mifugo kati ya fuko zake na kisiwa cha Idjwi, na bangili za nyuzi za mimea zilizoitwa butega zilitumika kama fedha.

3. Mstari juu ya nchi isiyojulikana

Mwaka 1885, Dola Huru ya Kongo ilitangaza mpaka wake wa mashariki kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Kwa mstari huo, Gisenyi ingekuwa Kongo. Waliouchora hawakuwa wamelifikia Ziwa Kivu. Mzungu wa kwanza kulifikia alikuwa Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894, baada ya kukutana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri. Ujerumani ikaanza kudai mpaka unaofuata ziwa na milima, na mzozo ukadumu hadi mkutano wa Brussels wa mwaka 1910. Hapo Idjwi iliingizwa Kongo, Bufumbira ikaingizwa Uganda, na Gisenyi ikabaki chini ya Wajerumani. Mwami Yuhi V Musinga, ambaye ufalme wake ndio uliokuwa ukigawanywa, hakuwa na kiti mkutanoni.

Utawala wa Kijerumani haukudumu. Septemba 1914 askari wake waliiteka Idjwi, lakini mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliitwaa Rwanda. Tangu hapo hadi uhuru wa Kongo mwaka 1960, pande zote mbili zilitawaliwa na Ubelgiji. Kwa zaidi ya miaka 40 mstari uliendelea kuwapo, ila watawala wa pande zake walikuwa wamoja. Gisenyi na Goma zilikua katika hali hiyo kama miji pacha. Ulikuwa mpaka wa dola huru mbili kuanzia tarehe 1 Julai 1962 tu, Rwanda ilipopata uhuru.

4. Mpaka kama kitovu

Matukio ya baadaye yanaonyesha kwamba mgawanyo huo haukukata mafungamano. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mjini Gisenyi mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walipita hapa kuelekea Goma. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoingia Goma, wakazi wengi wa mji huo walikimbilia Gisenyi. Mlipuko wa Mei 2021 ulifuatwa na mitetemeko iliyopasua ardhi na nyumba pande zote mbili.

Katika siku za kawaida, wachuuzi, wengi wao wanawake, huvuka kituo cha Petite Barrière asubuhi wakiwa na mboga na matunda, na kurudi jioni. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, chanzo chao cha riziki kilikatika. Mazungumzo ya biashara hiyo hutegemea sana Kiswahili, lugha ambayo Wajerumani waliitumia katika utawala na ambayo Rwanda iliifanya lugha rasmi mwaka 2017.

5. Hitimisho

Mpaka wa 1910 ni halali na utaendelea kuheshimiwa. Hata hivyo, volkano, gesi ya ziwa na soko haviwezi kusimamiwa kwa nusu. Tahadhari ya mlipuko inayotolewa Goma yafaa iwafikie wakazi wa Rubavu saa ileile, na kwa lugha ambayo pande zote zinaielewa. Vilevile, uamuzi wowote wa kufunga mpaka uzingatie kwanza mchuuzi ambaye mtaji wake wote umo kichwani pake. Rwanda na Kongo sasa zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo ikiwa imejiunga mwaka 2022. Kwa hiyo jukwaa la kuyaratibu mambo haya lipo. Mwaka 1910 waliogawa ufuko huu hawakuwauliza wanaouishi. Kosa hilo halina sababu ya kurudiwa.