«Niko na woga»: Kiingereza kina maneno mengi, sheria inatafuta moja

Mkongomani aliyekimbia Masisi ao Fizi na kuomba hifadhi katika inchi ya Kiingereza anafika siku moja mbele ya afisa. Swali kubwa ni hili: ukirudi kwenu, unaogopa nini? Anajibu kwa Kiswahili, mkalimani anageuza. Hapo ndipo shida inaanza.

«Scared» ni neno la nyumbani, la mtoto anayeogopa giza. «Afraid» liko karibu nalo, lakini lina mtego: Mwingereza anayesema «I'm afraid» mara nyingi haogopi kitu, anaomba radhi kabla ya kukuambia kwamba ofisi imefungwa. «Worried» na «anxious» ni wasiwasi. «Terrified» ni kutetemeka mwili mzima.

Neno la sheria ni «fear». Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unataka «well-founded fear», yaani woga wenye msingi, wa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii ao maoni ya kisiasa. Andiko la Kifaransa linasema «craignant avec raison», halikutumia «peur». Waliosoma Kifaransa watasikia tofauti: peur inashika moyo, crainte inaangalia mbele.

Woga huo hauko moyoni tu; unahitaji mambo ya kuushikilia. Lakini si lazima hatari iwe ya hakika. Mwaka 1987, katika kesi ya Cardoza-Fonseca, Mahakama Kuu ya Marekani ilieleza kwamba hata uwezekano wa 1 juu ya 10 unaweza kutosha.

Sasa, mzee anaweza kusema kwa adabu «niko na wasiwasi» akimaanisha watu waliochoma nyumba yake. Mkalimani akisema «I'm worried», kamusi haina kosa, ila uzito umepotea njiani. Kijana aliyelelewa asionyeshe woga ni shida kubwa zaidi. Atasema: «Siogopi kitu, sitaki tu kurudi.» Kwa masikio ya afisa, hilo ni jibu la mtu asiye na kesi.

Mwaka 2023 Wakongomani ndio waliokuwa wengi kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025, lakini swali lile lile linaulizwa Kanada na Uingereza. Anayehojiwa afadhali aache neno moja la woga na kusimulia: nani, wapi, lini, alifanya nini. Na kama hamuelewi mkalimani, amwambie afisa palepale, kabla mahojiano hayajaisha.