Kufundisha Usanifu wa Ulinzi: Tuanze na Shabaha ya Taasisi

Aghalabu somo la usanifu wa ulinzi wa taarifa huanza na vifaa: nywila, vizuizi vya mtandao, mitambo ya kutoa tahadhari. Mwanafunzi hukariri majina yake na kufaulu mtihani, lakini hajui analinda nini wala kwa faida ya nani. Sisi twaona kwamba somo hili halina budi kuanza na shabaha ya taasisi yenyewe.

Utaratibu wa SABSA, ambao John Sherwood alianza kuujenga mwaka 1995, wafaa kwa kazi hiyo, kwani hufuata mfano wa ujenzi wa nyumba. Kwanza husikilizwa mwenye nyumba: anataka nini, na anahofia nini? Kisha hufuata msanifu, mchoraji ramani, mjenzi, na mwisho fundi anayetia komeo mlangoni. Katika kila ngazi huulizwa maswali sita: nini, kwa nini, vipi, nani, wapi na lini. Komeo ambalo sababu yake haipatikani katika haja za mwenye nyumba ni gharama ya bure. Na haja isiyo na komeo haijalindwa.

Mwalimu aweza kutumia mfano wa Target, kampuni ya maduka ya Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2013 wahalifu waliingia katika mtandao wake kwa nywila za mkandarasi wa majokofu, wakafikia mashine za malipo na kuiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Mtambo wa tahadhari ulikuwapo na ulitoa ishara, lakini hatua hazikuchukuliwa kwa wakati.

Wanafunzi, katika vikundi, na wafanye yafuatayo:

(a) Waandike shabaha ya duka: mteja alipe bila hofu.

(b) Waitaje sifa inayotakiwa: siri ya kadi ihifadhiwe.

(c) Wachague kinga: njia ya mkandarasi itengwe na mashine za malipo.

(d) Wamtaje atakayeitikia tahadhari, na katika muda gani.

Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoonyesha kama somo limeeleweka. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha kila kinga yatumikia shabaha ipi, na nani aisimamie, ameelewa. Aliyekariri majina ya vifaa tu bado hajafundishwa.