Kuhama nyumba

Kuhama nyumba ni kitendo cha mtu au familia kuacha makao yake na kwenda kuishi mahali pengine pamoja na vyombo, wanyama na mali nyingine. Kuhama kunaweza kuwa kwa umbali mfupi, kama kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine katika mtaa uleule, au kwa umbali mrefu, kama kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ambako barabara ina urefu wa kilomita 450 hivi.

Kwa kawaida watu huhesabu kuhama kuwa kazi ya kufunga na kubeba mizigo. Lakini sehemu kubwa ya maandalizi ipo upande wa pili, yaani kule familia inakokwenda: maji, paa, shule, chakula cha siku za kwanza na haki ya kukaa pale. Historia ya Dodoma na nyanda za kati za Tanzania ina mifano mingi ya jambo hilo, kwa sababu wakazi wake wamehama mara nyingi, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa.

## Sababu za kuhama

Sababu za kawaida ni hizi:

- uhamisho wa kikazi, hasa kwa walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine wa umma;
- ndoa, talaka, kifo au kuongezeka kwa familia;
- masomo ya chuo;
- kodi ya pango kupanda au mkataba kwisha;
- kumaliza ujenzi wa nyumba ya mtu mwenyewe;
- ukame, mafuriko au uhaba wa malisho;
- amri ya serikali au mradi wa umma unaochukua ardhi.

Kuhama kwa hiari humpa mhamaji nafasi ya kuchagua siku. Kuhama kwa dharura au kwa amri humnyima nafasi hiyo, na hapo ndipo hasara huwa kubwa.

## Kuhama katika Ugogo wa zamani

Wagogo, ambao ni wenyeji wa eneo la Dodoma, ni wakulima na wafugaji. Nchi yao hupata mvua kidogo, takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Nyumba yao ya jadi ni tembe, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo.

Mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na undugu kati ya Wagogo, alieleza kwamba kaya zilihama mara kwa mara kutafuta mashamba na malisho. Familia pia ziliweka sehemu ya mifugo yao kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame wa sehemu moja usimalize zizi lote. Kwa namna hiyo mtu aliyehama aliweza kufikia kwa watu waliomfahamu.

Kuhama bila maandalizi hayo kulileta maafa. Katika njaa kubwa ya miaka 1917–1920, inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, ukame ulikuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Familia nyingi zilitawanyika kutafuta chakula, na watu wengi walikufa.

## Operesheni Dodoma na vijiji vya ujamaa

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianzisha Operesheni Dodoma, iliyokusudia kuwakusanya wakazi wa mkoa huo katika vijiji vya ujamaa. Hoja ilikuwa kwamba watu wakiishi pamoja ingekuwa rahisi kuwapatia maji, shule na zahanati. Rais Julius Nyerere mwenyewe alishiriki kufyatua matofali katika kijiji cha Chamwino.

Novemba 1973 kuishi kijijini kulitangazwa kuwa lazima kwa nchi nzima, na kazi hiyo ilitakiwa kukamilika kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Inakadiriwa kwamba watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa. Vijiji vingi vilipata shule na huduma za afya ambazo havikuwa nazo kabla. Hata hivyo, sehemu nyingi watu walifikishwa mahali pasipo na nyumba wala maji ya kutosha, mbali na mashamba yao, na baadhi yao wakati wa kulima umekaribia. Kuna mahali nyumba za zamani zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1974 na 1975 nchi ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Wataalamu wanabishana ni kwa kiasi gani sababu ilikuwa ukame na kwa kiasi gani ilikuwa kuvurugika kwa kilimo.

Athari nyingine ilionekana baadaye. Watu waliohamishwa hawakupewa hati kuhusu mashamba waliyoacha, na miaka ya 1980 wengi walifungua kesi kuyadai. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki hizo za kimila, lakini mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya familia ya Akonaay kutoka mkoa wa Arusha, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

## Kuhamia makao makuu

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa kusimamia ujenzi. Kwa miongo minne utekelezaji ulikwenda polepole. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote ingehamia huko. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka uleule, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2017, na Rais mwenyewe mwaka 2019. CDA ilivunjwa Mei 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji.

Maelfu ya familia za watumishi zilifunga mizigo katika kipindi hicho. Wakazi wa wilaya ya Dodoma Mjini walikuwa 410,956 katika sensa ya mwaka 2012 na 765,179 katika sensa ya mwaka 2022. Ongezeko hilo lilibana nyumba za kupanga na maji, na jiji likapanuka kuelekea kata za pembezoni kama Nzuguni, Mtumba, Nala na Zuzu. Kata hiyo ya mwisho ipo upande wa magharibi wa mji, kando ya reli ya kati.

## Kukagua makao mapya

Anayekusudia kuhama anashauriwa kufika kwenye nyumba mpya kabla ya kulipa chochote, ikiwezekana mara mbili, mchana na jioni. Mambo ya kukagua ni pamoja na:

- Maji: kama bomba la mamlaka ya maji (kwa Dodoma ni DUWASA) limefika, maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na kama kuna tangi la akiba. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, hivyo ni vizuri kuuliza majirani wanakunywa maji gani.
- Umeme: namba ya mita ya LUKU, kama ina deni, na kama inatumiwa na wapangaji kadhaa.
- Njia: kama gari la mizigo linaweza kufika mlangoni, na kama njia hupitika wakati wa mvua.
- Huduma: umbali wa shule, zahanati, soko na kituo cha daladala.
- Usalama: vitasa, madirisha, choo na uzio.

Katika kata za pembezoni kama Zuzu ukaguzi huu una uzito zaidi. Mtu anaweza kukuta nyumba nzuri yenye kodi nafuu, kisha akatumia fedha alizookoa kwa kununua maji ya dumu na kulipa bodaboda. Anayehamia nyumba aliyojijengea hujiuliza swali hilohilo kabla ya kuaga nyumba ya kupanga.

## Mkataba na bajeti

Katika miji mingi ya Tanzania mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali naye hudai ujira wake, ambao kwa desturi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo bajeti ya kuhama huwa na sehemu hizi: kodi, dalali, gari, wabeba mizigo, vifaa vya kufungia, matengenezo madogo, na chakula na nauli za wiki za mwanzo.

Mkataba wa maandishi unapaswa kutaja majina ya pande mbili, kiasi cha kodi, muda, notisi ya kuondoka, na nani analipia maji na matengenezo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo mpangaji anayenunua umeme huilipa kwa niaba ya mwenye nyumba. Ni vizuri mkataba useme atarudishiwa vipi. Anayelipa kupitia dalali ahakikishe kwanza kwamba mwenye nyumba ni yeye kweli. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kusaidia katika hilo.

Mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri ana haki ya kulipwa nauli, gharama za mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Kwa kuwa malipo yanaweza kuchelewa, anahitaji kutunza barua ya uhamisho na risiti zote. Katika sekta binafsi, kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayesitisha mkataba mahali pengine mbali na pale mfanyakazi alipoajiriwa amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au amlipe gharama hizo.

## Nyaraka

Nyaraka hazifai kuingia katika gari la mizigo. Familia huziweka katika mfuko mmoja unaobebwa mkononi: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, vitambulisho, hati za ardhi, mikataba, kadi za bima na kadi za kliniki za watoto.

Uhamisho wa mwanafunzi huombwa shuleni anakotoka, baada ya kuthibitisha kwamba shule mpya ina nafasi. Mgonjwa anayetumia dawa kila siku, kama za kifua kikuu, VVU, kisukari au shinikizo la damu, anahitaji barua ya uhamisho wa matibabu na dawa za kutosha hadi atakapopokewa katika kituo kipya. Mfugaji anayehamisha wanyama anahitaji kibali cha ofisa mifugo.

## Wakati wa kuhama

Shule za Tanzania hufunga mwezi Juni na mwezi Desemba, na wazazi wengi huhama katika likizo hizo. Kwa nyanda za kati Juni una faida zaidi: mvua zimekwisha, barabara za vumbi zinapitika, na mavuno yamepatikana. Desemba mvua huwa zimeanza, na godoro au unga ukilowa njiani ni hasara. Hata hivyo usiku wa Juni na Julai huwa na baridi Dodoma, kwa hiyo anayetoka pwani anahitaji mablanketi karibu.

## Kufunga na kusafirisha

Kazi huanza kwa kupunguza vitu. Kile kisichotumika huuzwa au hupewa ndugu, kwani kila kitu hulipiwa nafasi katika gari. Baada ya hapo:

- vyombo vya udongo na glasi hufungwa kwa magazeti au khanga na kuwekwa katika maboksi madogo;
- nguo huingia katika mabegi au mifuko ya shangazi kaja;
- nafaka huwekwa katika viroba vilivyoshonwa vizuri;
- kitanda na kabati hufunguliwa, na skrubu zake hutiwa katika mfuko uliofungwa kwenye kitanda chenyewe;
- friji husafirishwa ikiwa imesimama na huachwa itulie kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa;
- mtungi wa gesi hufungwa koki na kusimamishwa mahali penye hewa;
- kila boksi huandikwa namba, na orodha hubaki kwa mwenye mali.

Kwa umbali mfupi watu hutumia mkokoteni, guta au kirikuu. Kwa mkoa hadi mkoa hukodi Canter au Fuso, mara nyingine gari linalorudi bila mzigo, ambalo huwa nafuu. Bei, idadi ya wabebaji na mahali pa kushushia hukubaliwa kabla ya kupakia. Turubai na kamba ni lazima, hata wakati wa kiangazi, kwa sababu ya vumbi. Treni ya SGR, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, imerahisisha safari ya wanafamilia, lakini vyombo vya nyumbani kwa kawaida bado hupita barabarani.

## Siku za kwanza

Vitu vya usiku wa kwanza hupakiwa mwisho ili vishuke kwanza: godoro, vyandarua, sufuria, jiko, unga, taa, sabuni na dumu la maji. Familia nyingi hutanguliza mtu mmoja siku moja kabla ili asafishe nyumba, anunue umeme na kujaza maji.

Mhamiaji hujitambulisha kwa majirani na kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ambaye humwandika katika daftari la wakazi. Hatua hii huonekana ndogo, lakini barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa huhitajika baadaye benki, polisi, mahakamani kwa dhamana na katika maombi ya kitambulisho cha taifa. Aliyejiandikisha kupiga kura alikotoka anatakiwa pia kurekebisha taarifa zake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la sivyo kituo chake kitaendelea kuwa kule alikohama.