MWAKA MZIMA KATIKA KIWANDA CHA CHAI
Faida yake kwa mwanafunzi wa sayansi atokaye Chebunyo

Chebunyo iko katika sehemu ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet, upande ambao jua ni kali na mvua ni haba kuliko Kericho. Watu wake hufuga ng'ombe na kulima mahindi. Mashamba makubwa ya chai hayapo huko. Msafiri huanza kuyaona akiisha kupanda juu, kupita Sigor na Bomet. Kwa sababu hiyo kijana wa Chebunyo asomaye sayansi, tuseme katika Chuo Kikuu cha Kabianga, akitaka kuyaona masomo yake yakifanya kazi, mara nyingi hana budi kuuacha mji wao na kwenda kwenye viwanda vya nyanda za juu, kama vile Kapkoros, Tirgaga au Mogogosiek.

Wazazi huuliza swali la haki: mtoto amekwisha kusomeshwa kwa taabu, mbona sasa apelekwe kufanya kazi, tena pengine bila mshahara? Nchini Kenya mafunzo ya kazini ya wanafunzi kwa desturi huchukua kama miezi mitatu. Uingereza wako wanafunzi wengi wa sayansi ambao hukaa kiwandani mwaka mzima kabla ya mwaka wao wa mwisho chuoni. Hapa Kenya pia, Tume ya Utumishi wa Umma huwachukua vijana waliokwisha kuhitimu kwa mafunzo ya miezi 12. Je, mwaka una faida gani ambayo miezi mitatu haina? Jawabu limo ndani ya chai yenyewe.

HESABU YA MAJI

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza kiwandani ni kwamba kazi kubwa ya hapo ni kuondoa maji. Jani bichi lichumwalo vema, yaani majani mawili na kichipukizi chake, lina maji kati ya asilimia 75 na 80. Majani hutandazwa katika vitanda virefu vya wavu na kupulizwa hewa kwa muda wa saa 12 mpaka 18 ili yanyauke, hata maji yafikie kama asilimia 70. Chai ikiisha kukaushwa, maji yaliyobaki ni kama asilimia 3 tu.

Hesabu hii mtoto wa shule aweza kuifanya. Kilo 100 za majani yenye maji asilimia 78 zina kilo 22 za kitu kikavu. Zikikaushwa sawasawa, hutoa chai inayokaribia kilo 22 na nusu. Ndiyo maana husemwa ya kwamba kilo moja ya chai yataka zaidi ya kilo nne za majani mabichi. Lakini majani yakiletwa na umande au matone ya mvua juu yake, mizani hupima na maji yale pia. Uzito ni ule ule, chai ni pungufu. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hiyo darasani hupata alama. Aifanyaye kiwandani huona kwa nini hesabu ya kiwanda haikutimia wiki ile.

CHAI HAICHACHI KAMA MURSIK

Majani yakiisha kunyauka hupitishwa katika mashine za magurudumu yenye meno, ambazo huyakata na kuyasaga. Kisha huachwa yapate hewa, nayo hugeuka rangi kutoka kijani kuwa ya shaba. Viwandani watu huiita hatua hii kuchacha, na hapo mtoto wa Kipsigis aweza kupotea njia. Kwao kuchacha ni habari ya mursik: maziwa hutiwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, kwa muda wa siku kadhaa.

Chai haiendi hivyo. Kinachoigeuza si vijidudu, bali ni kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe, ambacho hukutana na oksijeni ya hewa mara jani linapopasuliwa. Ni jambo lile lile liletalo weusi katika parachichi lililokatwa. Hapo ndipo hupatikana theaflavini, iipayo chai wangavu na ukali wake mzuri, na thearubijini, iipayo rangi na uzito. Kazi hii huhesabiwa kwa dakika, si kwa siku. Ikikatizwa mapema, chai huwa na ladha ya ubichi. Ikicheleweshwa, wangavu hupotea. Kisha majani huingizwa katika hewa ya moto izidiyo nyuzi 100, na kimeng'enya hufa. Kosa lililokwisha kutendeka halirudi nyuma.

MIEZI KUMI NA MIWILI SI MITATU

Aliyekuja kiwandani kwa miezi mitatu ameona chai ya majira moja tu. Wakati wa ukavu, kwa kawaida kuanzia Januari mpaka Machi, majani huwa machache nayo hunyauka upesi. Masika ikifika, magari huleta majani mengi, tena yamelowa, na vitanda hujaa. Julai baridi huzidi, na chai huchelewa kugeuka rangi. Isitoshe, nyanda za Kericho zajulikana sana kwa mvua ya mawe, nayo yaweza kuharibu chipukizi za shamba zima mchana mmoja. Saa zilizofaa mwezi wa Februari hazifai Julai. Kitabu husema dakika ngapi. Mwaka hufundisha lini zipunguzwe na lini zizidishwe.

Miche nayo si sawa. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Kericho, iliyoanza mwaka 1951 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki nzima, imetoa aina nyingi za miche. Mmoja wao ni TRFK 306, uliotolewa mwaka 2011, wenye majani ya rangi ya zambarau. Kila aina ina tabia yake, na tabia haijulikani kwa kuonana mara moja.

DAFTARI YA KWELI

Liko fundisho lingine ambalo halina mtihani. Mwanafunzi hupewa kipimajoto, saa na daftari, aandike joto na maji ya majani kila baada ya muda fulani, mchana na usiku. Saa tisa za usiku usingizi ni mzito, na namba za saa nane zimo mbele yake. Ni rahisi kuziandika tena pasipo kupima, na pengine hakuna atakayejua usiku ule. Lakini majani yale yametoka katika mashamba madogo ya watu wengi, na chai yake itaonjwa na wanunuzi katika mnada wa Mombasa. Bei ikishuka, fundi hufungua daftari atafute chanzo. Ikiwa namba ni za uongo, hapati kitu, na hasara humrudia mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma. Hapo kijana hufahamu ya kwamba sayansi husimama juu ya uaminifu wa mtu mmoja mwenye usingizi.

FAIDA IRUDIYO NYUMBANI

Gharama ya mwaka huo si ndogo. Kuna nauli, chumba na chakula, na kuhitimu hucheleweshwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kukubali: ni nani atakayemsimamia mtoto wake, atapewa kazi ya kupima au ya kufagia tu, na je, kiwanda kitamsaidia kwa posho? Mahali pasipokuwa na majibu ya maswali hayo, mwaka waweza kupotea bure.

Penye majibu mema, maarifa hayabaki katika chai. Chebunyo ina maziwa, na maziwa nayo huharibika kwa saa na kwa joto. Laktomita huonyesha kama yametiwa maji. Kipimo cha spiriti huonyesha kama yameanza kuganda. Na kuyapoza upesi huzuia vijidudu visiongezeke. Kijana aliyezoea kupima jani usiku kucha hatashindwa kupima maziwa asubuhi. Watu wa kwao hawana shamba la chai la kumpa, lakini wana kazi imngojayo, nayo yataka mkono ule ule na daftari ile ile ya kweli.