Asali, Friza na Baridi ya Babati

Wanunuzi wengi wa asali, mjini Babati na kwingineko nchini, hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni kuilaza chupa katika friza: asali isipogeuka barafu, husemwa kuwa ni safi. Cha pili ni macho: asali iliyofanya chengachenga husemwa kuwa imetiwa sukari. Vyote viwili hupotosha, na anayepata hasara ni mfuga nyuki mwaminifu.

Maji huganda katika nyuzi 0 za Sentigredi. Mwaka 1882 mwanakemia Mfaransa François-Marie Raoult alionyesha kwamba kitu kilichoyeyushwa hukishusha kiwango hicho kwa kadiri ya wingi wa molekuli zake. Gramu 180 za glukosi katika kilo moja ya maji hukishusha kwa nyuzi 1.86. Sasa, kilo moja ya asali ina gramu 180 hivi tu za maji, nazo zimebeba zaidi ya gramu 700 za glukosi na fruktosi. Mwanafunzi akikokotoa atapata nyuzi 40 chini ya sifuri. (Kanuni hiyo ni ya myeyusho hafifu, kwa hiyo jibu ni la kukadiria tu.) Friza ya nyumbani, yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, huiongezea asali mnato, haiifanyi barafu. Lakini shira nzito ya sukari nayo haiwi barafu humo! Mdanganyifu hufaulu mtihani huo bila taabu.

Chengachenga ni jambo jingine. Glukosi ya asali huzidi kiasi ambacho maji yake yanaweza kuyeyusha, hivyo hujitenga kuwa fuwele, hasa karibu na nyuzi 14. Penye joto zaidi huyeyuka tena. Penye baridi kali mnato huzizuia molekuli kukutana. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hewa huweza kukaribia kiwango hicho. Asali iliyo majimaji Dar es Salaam huweza kufanya chengachenga huku bila mkono wa mtu. Kuirudisha, chupa itiwe katika maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Moto mkali huharibu vimeng'enya na harufu.

Lililo la kuogopwa ni maji kuzidi asilimia 20, kwani hapo hamira za asili huichachusha asali. Ndiyo maana masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta hayafai kurinwa. Ama sukari ya miwa iliyoongezwa, hiyo hutambuliwa maabarani, kwa kupima uwiano wa kaboni 13, ambao katika miwa ni tofauti na ule wa mimea mingi inayotembelewa na nyuki.